Nilitaja Jiwe, Sikutaja Maji

Kila mwaka, mvua zikiisha na kabla nyasi hazijakauka, mwalimu wa jiografia huleta wanafunzi wake kuutazama mlima wetu wa Isabwe. Huwapanga kwenye kivuli cha nyumba yangu, maana hapa ndipo mlima unapoonekana wote, kuanzia mawe yake ya mviringo yaliyobebana kileleni hadi ule ukuta uliokatika wima upande wa magharibi, na chini ya ukuta uwanda wa Bahi umelala mpaka macho yachoke. Watoto wanachora. Mwalimu, kijana mwenye adabu zake, hunigeukia akaniuliza, "Bibi, si mlima mzuri huu?" Nami humjibu kwamba ni mzuri, kwa sababu nikimwambia ninachokiona mimi hatamaliza somo lake. Mwaka huu alikuja siku moja baada ya habari za msiba kutufikia, na aliponiuliza swali lile nilimwambia awachukue watoto wake aondoke. Sijawahi kumfukuza mgeni mlangoni kwangu. Alikusanya madaftari, akaaga vizuri, akaenda, na nadhani huko shuleni sasa wanasema bibi yule amezeeka vibaya.

Msiba ulikuwa wa Mwendwa. Alifia Makutupora, kwa watu waliomwoa mara ya pili, na aliyeleta habari alikuwa kijana wa huko mwenye baiskeli, vumbi limemfika kwenye kope. Alisema wamekwisha kumzika, lakini matanga hayawezi kuanuliwa mpaka mwanawe wa kwanza afike. Mwanawe wa kwanza ni Ndahani, ambaye mimi nimemlea, anayeniita mama, na ambaye leo ana wajukuu. Ndahani alikuwa ameketi uani anafuma kamba ya ndama. Hakuacha kufuma. "Kamwambie aliyekutuma," alisema, "mama yangu ndiye huyu hapa anapepeta mtama. Yule aliyeuza maji simjui." Kijana akanitazama mimi, mkubwa wa nyumba, nimkanye mwanangu. Nikaendelea kupepeta. Kwa miaka hamsini na zaidi nimenyamaza juu ya jambo hili, na mtu akifanya kazi moja miaka yote hiyo huwa fundi. Lakini usiku ule sikulala, na asubuhi nilitoa daftari nililopewa kanisani nikaanza kuandika habari za mwaka mmoja tu wa ujana wangu. Nilikozaliwa na nani alinizaa hakutamsaidia mtu.

Ulikuwa wakati wa Wajerumani, mwaka ambao reli ilikuwa imekwisha kufika Dodoma na tuta lake linasogea kuja huku kwetu, ng'ambo ya Zuzu. Mvua haikunyesha. Uwele ulitoka ukafika magotini ukakauka umesimama. Mume wangu na kaka yake walikuwa wamechukuliwa kwenda kubeba udongo wa tuta, kama wanaume wote wenye nguvu, na ndani ya tembe tulibaki wanawake: mama mkwe wetu, Mwendwa aliyekuwa mke wa huyo kaka mkubwa, mwanawe mdogo aliyekuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa, na mimi, niliyeolewa miaka miwili na sijashika mimba. Tembe letu lilikuwa refu na la chini, dari lake la udongo unaligusa kwa kiganja, na vyumba vimefuatana ndama wakilala cha kwanza na watu vinavyofuata. Chumba changu mimi kilikuwa cha kusagia. Kilikuwa na tundu moja la mwanga ukubwa wa sahani, na chini ya tundu hilo lilikaa jiwe langu. Nililichagua mwenyewe mlimani nilipokuja kuwa bibi harusi, kama ilivyo desturi yetu, nikalibeba kichwani bila kulitua mpaka mlangoni, na mama mkwe alipolipiga kwa kijiwe na kulisikia likilia kama kengele alisema mbele za watu kwamba mkamwana huyu ana masikio. Sifa hiyo ndiyo niliyokuwa nayo. Sikuwa na nyingine, maana mtoto sikuwa naye.

Mtu asiyesaga hajui mawe. Sisi wanawake tuliyajua kama tunavyowajua wakwe zetu. Kulikuwa na jiwe la kijivu lenye punje, ambalo ndilo karibu mlima wote. Hilo hubanduka ganda kwa ganda kama kitunguu, ndiyo maana vichwa vya milima yetu ni vya mviringo, na ukilisagia utakula ugali wenye mchanga mpaka meno yaishe. Kulikuwa na jiwe jeusi, zito, lililopita katikati ya yale ya kijivu kama mshono, nalo huteleza, halishiki nafaka. Na kulikuwa na la tatu, jiwe la michirizi, gumu kupita yote, lenye mistari myembamba kama nyuzi za nyama kavu. Hilo halipatikani popote ila mahali pamoja, chini ya ukuta wa Isabwe, na limekaa kama mkanda uliotandikwa chini, umenyooka kutoka mguu wa mlima hadi kwenye korongo na kuendelea mbele. Mawe yetu yote ya kusagia yalitoka kwenye mkanda ule. Halikuwa jambo la siri. Hata wanawake wa mbali walikuja kuchukua na hakuna aliyewazuia.

Siri ilikuwa moja tu. Ndani ya korongo lile, chini ya mwamba, palikuwa na ufa wa upana wa mlango, na ndani ya ufa palikuwa na maji ya baridi yasiyopungua masika wala kiangazi. Mwaka ule visima vya mtoni vilikuwa vimekauka, na maji hayo ndiyo yaliyokuwa yakizuia nyumba saba zisife. Mama mkwe alikuwa ameona mahali pengine watu wa reli walivyofanya: wakiona maji wanazungushia uzio, wanaweka pipa na mtu wa kulilinda, na wenye maji wanahamishwa. Kwa hiyo tulikwenda korongoni kwa kukanyaga mawe tusiache njia, leo kwa huku, kesho kwa kule, na kila tukitoka tulirudishia matawi ya miiba mlangoni pake. Na kila jioni, tukizunguka chungu cha ugali wa uwele na mlenda mkavu, mama mkwe alitusomesha. "Mnachota wapi?" anauliza. "Mtoni, tunafukua mchanga." "Na ng'ombe?" "Wamepelekwa mbali." "Nikikuuliza tena?" "Mtoni, tunafukua mchanga." Hata yule mtoto alijifunza kusema mchanga. Mwendwa alikuwa akicheka kwa pembeni, mama mkwe anamkata jicho. "Cheka," anasema. "Ulimi hauna mfupa, lakini huo ndio utakaotuzika."

Akaja Mjerumani tuliyempa jina la Bwana Nyundo. Hakuwa askari. Alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani, na nyundo ndogo mkononi, na kazi yake, tulivyoambiwa, ilikuwa kutafuta maji ya kunyweshea garimoshi. Alifuatana na askari wawili, wapagazi, na mkalimani aliyeitwa Salimu, kijana wa mjini, Mwislamu wa ukoo wa wafanyabiashara wa misafara, anayesema Kigogo vizuri kutushinda sisi. Walipiga hema karibu na uzio wetu. Kutwa Bwana Nyundo alizunguka akivunja mawe, akiyatazama kwa kioo, mengine akiyalamba. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, maana hatukuwa tumeona mtu mzima mwenye chakula chake akilamba mlima. Aliuliza maji kila mlango na kila mlango ulimjibu mtoni, tunafukua mchanga. Mama mkwe aliridhika. Siku ya tatu alisema, "Mwisho wa juma watakuwa wamekwenda zao." Nami nilimwamini.

Siku ya nne, jua la adhuhuri, wenzangu wakiwa nje, niliinua macho kutoka kwenye jiwe langu nikaona mlango umezibwa na mtu. Alikuwa Bwana Nyundo, Salimu nyuma yake. Salimu alipiga hodi akanisalimu kwa Kigogo, "Mbukwa, mama. Usiogope. Bwana amesikia mlio wa jiwe lako." Yule mzungu alikwishapiga magoti kwenye unga wangu. Alipitisha kidole kwenye michirizi, akatoa kioo chake, akakaa hapo kwa muda mrefu, pumzi yake inasikika. Kisha akasema maneno, na Salimu akayageuza: "Bwana anasema hajaona jiwe hili mlimani kote alikopita. Anauliza umelitoa wapi." Nilikuwa nangoja swali la maji, na liliposhuka swali la jiwe nilipumua kama mtu aliyetua mzigo. Jiwe! Jiwe hata mtoto angeweza kuulizwa. Nikamwambia ni la Isabwe, chini ya ukuta, upande wa machweo. Nisingeongeza neno ningekuwa nimekosa kidogo tu. Lakini nilikuwa kijana, na hapakuwa na mtu aliyewahi kulitazama jiwe langu namna ile, kwa heshima, kwa magoti. Nikaona fahari. Nikamweleza kwamba la kijivu lina mchanga, na jeusi linateleza, na hili halikai ovyo, limejipanga kama mkanda, unalifuata kwa miguu kutoka mlimani mpaka korongoni bila kupotea hata ungefumba macho. Salimu aligeuza yote. Bwana Nyundo alichora mstari kwenye kitabu chake, akasimama, akaniinamia kidogo kwa kichwa, jambo ambalo hakuna mwanamume aliyewahi kunifanyia. Walipotoka niliendelea kusaga, nafsi yangu imeridhika kabisa.

Alasiri ile Mwendwa alinishika mkono tukaenda wote kwenye uzio. Ng'ombe wake mmoja, aliyeachwa nyumbani kwa ajili ya mtoto, alikuwa bado anatoa maziwa kidogo, na kwa siku mbili alikuwa akimpelekea Salimu kibuyu cha maziwa ya mgando, kwa kuwa Salimu alisema chakula cha kambini kimemchosha. Siku ile Salimu alimlipa kwa kaniki mpya, yenye harufu ya dukani bado. "Dada, shika, maziwa yako yameniponya," alisema. Mwendwa aliikunjua, akanifunika mimi kwanza kichwani ili aone inavyokaa, tukacheka. Alisema tutaigawana, wiki yeye, wiki mimi. Hapakuwa na neno lingine. Nilikuwapo tangu mwanzo hadi mwisho, na ninaandika hapa kwa mkono wangu kwamba nilikuwapo.

Jua lilipokuwa linashuka nilipanda juu ya tembe kuanua mlenda uliokuwa umeanikwa. Chini, upande wa nje wa ukuta, Salimu na wale askari walikuwa wanakula wali wao, hawajui kama niko juu. Askari mmoja alilalamika kwamba mzungu huyu atawamaliza kwa jua kwa ajili ya mawe. Salimu akamjibu huku anatafuna. "Usimcheke, ana akili yake. Anasema hapo kale Isabwe na uwanda wa Bahi vilikuwa nchi moja, sawasawa, haina mlima. Nchi ikakatika. Upande mmoja ukashuka, mwingine ukabaki juu, ndio ukuta huo unaouona. Na pale pande mbili ziliposuguana, mawe yalisagika yakawa unga, kisha unga ukaganda tena huko chini, ukawa jiwe gumu kuliko yote. Lina michirizi." Askari akauliza kama unga huo unaliwa. Salimu akacheka. "Maji, bwana wee. Maji yanayotembea chini ya ardhi yakilifikia jiwe lile hayapenyi. Yanasimama, yanatafuta ufa, yanapanda. Anasema tangu leo hana haja ya kumuuliza mtu. Ataufuata mkanda wa mawe tu. Yule mwanamke msagaji amekwisha kumwambia ulipo."

Nilibaki nimechutama na majani ya mlenda mikononi, na sikumbuki nilishukaje. Nakumbuka chakula cha usiku ule tu. Mama mkwe alituuliza maswali yake, na zamu yangu ilipofika nilijibu mtoni, tunafukua mchanga, na sauti yangu ilitoka safi. Nilitaka kusema. Kwa haki ya Mungu nilitaka, maneno yalikuwa yamejipanga. Lakini mama mkwe alikuwa ameanza kunitazama tumbo kila mwezi, na nilikwisha kusikia kwa kupitia ukuta akimwambia jirani kwamba mti usiozaa hukatwa kuni. Mwanamke asiye na mtoto, akiongeza na kosa la kupoteza maji ya nyumba saba, angekuwa nani? Nikajiambia pengine mkanda utampoteza njiani. Nikajiambia pengine ufa hatauona, miiba iko mingi. Mtu anayeogopa huwa mjanja sana wa kujidanganya, na mimi sikuwa nyuma katika hilo.

Asubuhi tukasikia nyundo. Ko, ko, ko, kisha kimya, kisha ko, ko. Ilitoka chini ya ukuta wa mlima, mbali. Mama mkwe alisikiliza akasema mwacheni avunje mawe yake. Adhuhuri nyundo ilikuwa imesogea. Mimi peke yangu nilijua inakwenda wapi, nikihesabu kwa kila pigo amefika jiwe gani, kwa maana mawe yale niliyajua moja moja: hapa lile lililopasuka, hapa lile nililolikataa, hapa mahali pa jiwe langu mwenyewe. Siku ya pili ilisikika karibu zaidi, na sasa hata Mwendwa aliacha kucheka. Mama mkwe alikataza mtu yeyote asiende korongoni. Tukakaa na kiu. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka, Mwendwa akachovya kidole chake kwenye maziwa akamnyonyesha. Nilimwona mama mkwe akisimama mlangoni amejishika kiuno, akisema peke yake, "Nani amempa njia? Mtu hawezi kwenda mstari hivi bila kupewa njia." Ilikuwa nafasi yangu ya pili na nikaiacha ipite. Siku ya tatu, jua likiwa utosini, nyundo ilinyamaza, na baada ya hapo wapagazi walipiga kelele za furaha.

Walikuta maji. Askari waliondoa miiba kwa singe zao. Jioni ile mama mkwe alikaa chini kwenye vumbi la zizi, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akikaa chini bila ngozi, akasema neno ambalo nimelibeba kuliko jiwe lolote. "Laiti ningejua siku mbili kabla," alisema. "Siku mbili tu. Ningelijaza mawe mlango ule, nikajenga kaburi juu yake. Nimewaona wazungu hawa wakipindisha tuta lao kukwepa kaburi. Kaburi hawafukui." Siku mbili hizo nilikuwa nazo mimi, tumboni mwangu. Sijui kama kaburi la uongo lingemzuia mtu aliyekuwa akisoma mlima kama mimi ninavyosoma daftari hili. Lakini nimeishi miaka yote hii bila kuruhusiwa kujua, na hiyo ni adhabu yake.

Wanaume wetu walirudishwa kwa siku moja, waje wafyeke njia ya kwenda kwenye maji yao wenyewe. Kazi ilipokwisha walikaa uani, wazee wa nyumba saba wakaja, na sisi wanawake tukaitwa. Hawakuuliza sana. Jirani mmoja alikuwa amemwona Mwendwa kwenye uzio na mkalimani, na kaniki ilikuwa mabegani mwake mchana ule, nyeusi, mpya, katika mwaka ambao hakuna aliyenunua hata uzi. Kaka yake mume wangu, mumewe Mwendwa, alikuwa na vidonda vya tuta mabegani na kiu ya siku nyingi, na alitaka mtu wa kumtwisha. "Kaniki hii imetoka wapi?" aliuliza. "Kwa maziwa," alisema Mwendwa. "Nilimpa yule kijana maziwa, akanipa nguo." "Maziwa yako ya dhahabu?" "Maziwa ya ng'ombe. Sikumwambia maji, wala hakuniuliza." Wazee waliguna. Ndipo alipogeuka akanitazama, wala hakuwa na wasiwasi, kwa sababu alijua nipo. "Muulizeni mdogo wangu," alisema. "Tulikuwa wote. Mdogo wangu, waambie." Mtoto alikuwa amelala mgongoni mwangu, nimembeba tangu asubuhi ili mama yake ahojiwe vizuri, na kichwa chake kilikuwa kimelala hapa, chini ya shingo, jasho lake limeingia kwenye nguo yangu. Nikasema, "Mimi sikuwapo."

Nitasema yote, maana nusu ya ukweli nimekwisha kuichosha. Niliogopa, ndiyo. Lakini nilipokuwa nafungua kinywa, uzito ule mgongoni pia ulisema neno lake. Kwetu ng'ombe wa mahari wakishatoka, mwanamke akirudishwa kwao mtoto hubaki kwa baba. Nililijua hilo kama kila mtu anavyolijua. Sitasema nilipanga. Nasema tu kwamba nililijua wakati ule ule, na sikulifukuza.

Kesho yake asubuhi Mwendwa alikuja kwenye chumba changu cha kusagia, amefunga vitu vyake kwenye ngozi. Kaniki hakuivaa. Nilidhani atanilaani, na ingekuwa nafuu. Alisimama chini ya lile tundu la mwanga akamtazama mtoto aliyekuwa anachezea pumba miguuni pangu. "Asubuhi hapendi uji wa moto," alisema. "Umpozee kwanza." Kisha akatoka. Njia ya kwenda kwao ilipita chini ya mlima, sambamba na mkanda wa mawe, na alipofika mbali kidogo alianza kumwita mwanawe kwa jina, mara moja, mara mbili, mara nyingi. Mtoto akainua kichwa. Nami nikashika jiwe nikasaga, nafaka haikuwapo hata punje, nikasaga jiwe kwa jiwe, kwa nguvu zangu zote, mpaka mlio ukajaa chumba na nikawa na hakika kwamba mtoto hasikii. Nilipoacha mikono ilikuwa inavuja damu, na nje palikuwa kimya.

Reli ilipita. Garimoshi lilikunywa maji ya korongoni kwa miaka, na sisi tulipewa yaliyobaki, baada ya alasiri, kwa zamu, mbele ya mlinzi. Nyumba tatu kati ya saba zilihama. Mimi baadaye nilizaa, watoto wawili, hawakuishi. Ndahani aliishi. Nilimpozea uji kila asubuhi, na watu walisema yule mkamwana amemlea kama wake, wakaniheshimu kwa hilo. Mwalimu wa jiografia anawaambia wanafunzi kwamba ukuta wa Isabwe ulitokea pale ardhi ilipopasuka na upande mmoja kushuka, na kwamba mawe ya kileleni ni mviringo kwa kuwa hubanduka ganda kwa ganda. Ni kweli tupu. Anasema uzuri wote wa nchi hii umetokana na kuvunjika. Nadhani yeye ni kijana na hajavunja kitu bado.

Jana alasiri nilimwita Ndahani aje aketi. Nilikuwa nimekusudia kumsomea daftari hili, nikashindwa kusoma hata ukurasa mmoja, nikalifunga nikamwambia kwa mdomo. Nilimwambia jiwe, nikamwambia juu ya tembe, nikamwambia siku mbili za nyundo, nikamwambia kaniki ilikuwa ya maziwa na kwamba nilikuwapo. Nilimwambia hata habari za mgongo wangu. Hakunikatiza. Ni mtu mzito wa kusema, na nimemwona akizika wanawe wawili bila kupaza sauti, lakini jana alikuwa anachuna nyuzi za kiti. Nilipomaliza kuku walikuwa wanaingia ndani. Nilimngoja aulize kwa nini. Nilikuwa na majibu ya kwa nini, ya miaka mingi, nimeyapanga vizuri.

"Siku ile alipokuwa akiniita njiani," alisema, "aliniitaje?"

Swali hilo sikuwa nimelipanga. Nikamwambia kwamba jina la Ndahani alipewa na mama mkwe wiki ile ile, baada ya mama yake kuondoka, na lile la kwanza tukakatazwa kulitaja, na watoto wadogo husahau upesi. Nikamwambia kwamba mama yake alimpa jina la babu yake mzaa mama. "Malogo," nikasema. Alilirudia taratibu, bila sauti, midomo tu. Akainuka, akaingia ndani, akatoka amevaa shati lake la kanisani na kibuyu cha maji begani, wala hakuniaga. Makutupora ni mbali na jua lilikuwa linazama. Alipofika kwenye uzio niliita, "Ndahani!" Hakusimama. Niliita tena, "Ndahani, mwanangu!" Akazidi kwenda, hatua zile zile. Ndipo nikakusanya pumzi nilizobakiwa nazo, nikaita, "Malogo!"

Akasimama pale pale, akaitika, "Naam, mama," na uso wake ulikuwa umeelekea Makutupora.